Uzi: Chunjua nne kwa mkono wa kijana, vinega imeshindwa, nifanye nini?

MamaTrevo (mwenye uzi)
Habarini wazazi wenzangu, nisaidieni na hii kitu kabla sijaharibu mkono wa mtoto. Kijana wangu ana miaka 7, yuko gredi ya pili, tunakaa Umoja. Likizo ya Agosti aliota kachunjua kamoja kwa kidole cha shahada, mi nikadhani ni kidonda kimepona vibaya nikaachana nako. Saa hii ziko nne. Mbili kwa vidole, kamoja kadogo kwa kidole cha mwisho, na moja kando ya kucha ya gumba, na hiyo ya kucha ndio kichwa ngumu, imefura kama koliflawa ndogo, ngumu, ndani ina vidoti vyeusi. Haimuumi. Kwanza hapa ploti alikuwa anatoza wenzake peremende moja ndio awaonyeshe.

Shida imeanza shule. Mwalimu amemhamisha akamweka dawati la nyuma peke yake, alafu akaniandikia kwa daftari "mtoto atibiwe kwanza". Hayo maneno matatu nimeyasoma nimesimama jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika sufuria. Sasa kijana akitoka shule sweta imevutwa mpaka vidole havionekani, mkono mmoja wa sweta umelegea kuliko mwingine. Juzi amekula chapati na mkono ndani ya sweta, mafuta yote kwa sweta.

Nikaingia intaneti nikaona watu wanasifu vinega ya tufaha. Unalowesha pamba, unaweka juu, unafunga plasta, unalala nayo. Usiku wa kwanza sawa. Wa pili akaamka saa nane analia kidole kinachoma. Kutoa plasta hivi, ngozi ya pembeni yote imekuwa nyeupe kama ya mtu amefua nguo kutwa, imechubuka, na chunjua yenyewe imekaa hapo katikati kama landilodi. Nimeacha.

Shosho yake anasema nitafute kariaria. Jirani anasema nifunge na uzi wa kushonea mpaka ikauke ianguke. Kijana wa kemisti hapa steji anasema nimlete aikate ang'oe mzizi. Nani amewahi kutibu hii kitu nyumbani ikaisha kabisa? Si kusikia, nataka mtu aliyefanya.

WaRongai
Ganda la ndizi. Ile upande wa ndani, unasugua jioni alafu unafunga kipande usiku kucha. Mi nilikuwa nazo saba nikiwa darasa la nne na ziliisha zote. Na ndizi utakula.

Otis_Kayole
Kitunguu saumu. Unaponda, unapaka, unafunga. Mamangu alinifanyia. Inanuka lakini inafanya.

Odhis254
Mi zangu sikupaka chochote na ziliisha nikiingia form one.

WaRongai
Kwa hivyo dawa ni kuingia form one 😂

MjukuuWaKiambu
Mama Trevo, kariaria HAPANA. Naomba usome hii yote.

Kwetu ua lote la shamba lilikuwa kariaria, ile miti ya vijiti vya kijani haina majani, ukivunja inatoa maziwa. Binamu yangu alikuwa na chunjua mbili kwa mkono, shosho akatuambia nyinyi nendeni kwa ua mkapake yale maziwa, yeye alifanyiwa hivo akiwa msichana. Tukaenda. Tukavunja kijiti, maziwa yakadondoka, akapaka vizuri kabisa, kamoja kamoja, akapuliza kakauka. Hakukuwa na shida. Alafu tukaendelea kucheza mpira wa makaratasi, jua ni kali, jasho likaingia macho, jamaa akajipangusa na ule mkono.

Kile kilio bado nakisikia. Alianguka chini akashika jicho, na akishika anaongeza, kwa sababu ni mkono uleule. Tulimmwagia maji ya tangi na kikombe cha plastiki mpaka tangi ikafika nusu, shosho analia kutuliko. Tukampeleka hospitali usiku kwa pikapu ya jirani ya kubeba majani chai. Jicho lilifura likafunga, siku tatu alikuwa anatembezwa ameshikwa mkono, na daktari akasema kama hatungeosha vile tuliosha tungekuwa tunaongea mambo mengine. Aliona tena, Mungu ni nani.

Na nisidanganye, chunjua ilitoka. Ilitoka na ngozi ya pembeni. Mpaka leo ana doa jeusi hapo la ukubwa wa shilingi kumi. Huyo mtoto wako ana miaka 7, anajipangusa macho mara ngapi kwa siku?

MamaTrevo
Uuuwi. Kariaria imetoka kwa listi. Sijui nitamwambiaje shosho.

Bint_Majengo
Mjukuu kasema kweli. Huo mti kwa Kiswahili twauita mnyaa, na maziwa yake si ya kuchezea, hata wakubwa huungua. Na kwa kuwa watu watakuja hapa na dawa za pwani, nami nitangulie kusema: mafuta ya ganda la korosho ni hivyo hivyo. Wale wanaobangua korosho kwa mkono vidole vyao hubabuka. Kila kinachobabua kitaondoa chunjua, hata makaa ya moto yataiondoa. Suala ni kitaondoa nini kingine.

Mama Trevo, pole na mambo ya shule. Mtoto kuficha mkono yauma zaidi ya chunjua yenyewe.

Fundi_Gikomba
Mi niko na kitu ya kiume. Ile selotepu ya kijivu ya kufunga mabomba, iko hadwea yoyote. Kata kipande kinachotosha chunjua tu, bandika, acha siku sita. Ikibanduka rudisha ingine. Siku ya sita jioni toa, loweka mkono kwa maji vuguvugu, sugua na lile jiwe la miguu, acha wazi usiku mmoja, asubuhi bandika tena. Unarudia hivo mpaka miezi miwili. Msichana wangu iliisha. Haiumi, haichomi, na mtoto anajiona ana bandeji ya shujaa.

Kiti_cha_Nyuma
Fundi ako na pointi lakini wacha niongeze kitu, maana hii ya selotepu nimeisoma sana (niko kwa jam Thika Road kila siku, nina muda).

Ilipata jina 2002. Madaktari wa hospitali moja ya jeshi kule jimbo la Washington, Marekani, walichukua watoto na vijana, wengine wakafungwa hiyo tepu na wengine wakachomwa na baridi, yaani chunjua inagandishwa hospitali. Waliomaliza walikuwa 51. Wa tepu walipona asilimia 85, wa baridi asilimia 60. Dunia yote ikakimbilia hadwea. Alafu 2006 Waholanzi wakarudia na watoto 103 wa shule ya msingi, hawa wengine wakapewa plasta ya duara isiyogusa chunjua yenyewe. Baada ya wiki sita wa tepu walipona asilimia 16, wale wengine 6. Tofauti ndogo hivo kwa watu wachache inaweza kuwa bahati tu. 2007 wakajaribu tena Marekani na watu wazima, asilimia 21 kwa 22, yaani hakuna kitu. Ingawa hiyo ya mwisho walitumia tepu ya kuonekana ndani, si ile ya kijivu, na gundi yake si moja.

Sisemi usijaribu. Haina hasara kubwa isipokuwa ngozi ikichubuka. Nasema usiweke moyo wote hapo.

Fundi_Gikomba
Waholanzi hawajui kubandika.

DawaAsiliaPoa
Tuna mafuta maalum ya mitishamba inamaliza chunjua siku 3 bila maumivu, pia presha, nguvu za kiume na kurudisha mpenzi. Piga

Modereta
Namba imetolewa. Ukirudi unatolewa wewe.

Kiti_cha_Nyuma
Presha na mpenzi ni chupa moja ama mbili?

Kinyozi_Zimma
Hamjasema jina la hiyo virusi. Inaitwa HPV. Si ni ile ya saratani ya kina mama? Mbona mnaongea ndizi?

MamaTrevo
Ati nini??? Jamani. Nina msichana wa miaka 4 wanaoga karai moja.

NesiWaKaunti
Mama Trevo, pumua kwanza. Nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi, wacheni niandike mrefu.

Ni kweli chunjua huletwa na virusi vinavyoitwa HPV, lakini hiyo ni familia, kama vile simba na paka wa nyumbani ni familia. Aina zake zinapita 100. Zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi ni hasa 16 na 18. Hizi za vidole vya watoto ni zingine kabisa, kama aina 2, 4, 27 na 57, nazo zinapenda ngozi ya mikono na magoti. Chunjua ya gumba ya Trevo haitageuka hiyo saratani. Na ile chanjo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019 ni ya hizo za saratani, mpeleke msichana wakati wake ukifika, lakini usiitegemee kwa chunjua za vidole.

Virusi vinaingia mahali ngozi imekwaruzika, hata mkwaruzo usiouona, alafu vinakaa kimya wiki ama miezi ndio kitu kitokeze. Kwa hivyo msianze kutafuta ni mtoto gani wa ploti alileta, hamtamjua. Si uchafu. Si chura. Nimewahi kuona mama amemchapa mtoto kwa kushika chura, chura hana makosa. Mtoto anayetafuna kucha anazihamisha mwenyewe kutoka kidole hadi kidole, ndio utaona zinazunguka kucha. Trevo anatafuna?

Vile vidoti vyeusi si mizizi wala mbegu, ni mishipa midogo ya damu iliyoganda ndani. Chunjua haina mzizi, inakaa ngozi ya juu tu. Huyo kijana wa kemisti anataka kung'oa kitu hakipo, atamtoa damu, atamwachia kovu, na wembe wake utapanda zingine pembeni. Uzi wa kushonea pia wacha. Ya kwenye kucha huwezi kuifunga, na ukibana kidole cha mtoto vibaya unazuia damu.

Sasa ile Odhis alisema mkacheka, ndio kitu cha maana kuliko zote hapa. Kwa watoto, karibu nusu ya chunjua zinaisha zenyewe ndani ya mwaka, na kama theluthi mbili ndani ya miaka miwili. Mwili unashtuka siku moja unaona adui, unamaliza. Kwa hivyo aliyepaka mwisho ndiye anayesifiwa. Ulipaka ndizi mwezi ule mwili ulikuwa tayari? Ndizi ni dawa. Ulipaka saumu? Saumu. Shosho alisugua na punje ya mahindi akaitupa njia panda? Basi ni njia panda.

Kutofanya chochote pia ni matibabu, kama hazimuumi na hazimsumbui. Lakini kwa mtoto anayeficha mkono mimi singengoja miaka miwili.

MamaTrevo
Nesi asante sana, nilikuwa nimeanza kulia. Ndio anatafuna, tena vibaya. Sasa kama si kungoja nipake nini? Na karai?

NesiWaKaunti
Karai si neno kubwa, mwoshe kila mmoja maji yake na taulo yake, basi.

Dawa ambayo imejaribiwa zaidi ya zote na unafanya nyumbani ni salisiliki asidi. Si muujiza, faida yake ni ya kiasi, lakini ipo. Kemisti iko kama rangi ya kucha, kachupa kadogo, nguvu ya asilimia 17 hivi. Iko pia ya plasta ya asilimia 40, hiyo ni ya nyayo ngumu, kwa vidole vya mtoto wa 7 wacha. Mwambie mfamasia ni ya mtoto na miaka yake. Lakini ngoja kwanza hiyo ngozi uliyochoma na vinega ipone kabisa, hata kama ni wiki mbili. Paka vaselini tu.

Alafu kila jioni: mkono ndani ya maji vuguvugu dakika 5 mpaka 10, wakati anaangalia katuni. Kausha. Sugua ile nyeupe ya juu na tupa ya kucha, polepole, ukiona waridi ama akisema aii, simama. Hiyo tupa ni ya chunjua tu, usisugulie kucha zako, na zile za karatasi unatupa. Zungushia vaselini pembeni ili dawa isiguse ngozi nzima. Tone moja juu ya chunjua, si mbili. Ikauke. Funika na plasta kama ni mtu wa kujishika. Na hizo dawa nyingi zinashika moto haraka, usipakie kando ya jiko la gesi, wengi wetu jikoni na sebule ni chumba kimoja.

Sasa hapa ndio watu wanashindwa: ni kila siku, mpaka wiki 12. Watu wanapaka siku nne, wanasahau, wanaenda harusi, wanarudi wanasema dawa ni feki. Kidole kikiuma ama kikawa chekundu unapumzisha siku mbili tatu alafu unaendelea. Usipake uso hata siku moja, wala sehemu za siri, na mwenye sukari asijitibu miguu nyumbani.

MjukuuWaKiambu
Nesi, na ile ya kuchomwa na baridi?

NesiWaKaunti
Hiyo ni naitrojeni ya maji, baridi ya chini ya sifuri nyuzi 196. Wanagusa chunjua sekunde chache, inatoka lengelenge, unarudi baada ya wiki mbili tatu. Inafanya kazi lakini inauma, na mtoto mdogo ukimshikilia mara ya kwanza, ya pili hatakubali kuingia hata geti. Mimi huweka mwisho. Kenyatta kuna kliniki ya ngozi, unaenda na barua ya kukutuma, na hospitali nyingi kubwa pia ziko na daktari wa ngozi.

Wa kupelekwa bila kungoja ni hawa: ya uso ama sehemu za siri, inayotoka damu yenyewe, inayokua ama kubadilika rangi haraka, kidole kimefura kina usaha, ama mtoto anazo nyingi sana na zinazidi tu, hapo kinga ya mwili inafaa kuangaliwa. Na hakikisha ni chunjua kweli. Kuna vingine vinakuwa laini, vinang'aa, katikati kuna kishimo kama kitovu. Hivyo ni virusi vingine, dawa hii si yake, na mara nyingi vinaisha vyenyewe.

Kama_wa_Nyama
Niko kwa biashara ya nyama Burma, mikono yangu imejaa hizi kitu tangu nianze kazi. Wenzangu pia. Ni kutoka kwa ng'ombe?

NesiWaKaunti
Hapana, ng'ombe ana zake, hazikupati. Wauza nyama mnajulikana kwa hizi, kuna hata aina moja ya hivyo virusi, ya 7, inaonekana sana kwa watu wanaoshika nyama. Mikono imelowa kutwa, baridi, vijikato vya kisu vidogovidogo. Vaa glavu, na kisu chako kiwe chako.

Kama_wa_Nyama
Kisu changu hakuna mtu hugusa. Glavu wateja watasema nimekuwa daktari.

TichaEastlands
Mimi ni mwalimu, si huyo wa Trevo, msinipige. Darasa langu liko na watoto zaidi ya 50, wanaazimana kalamu, sweta, hata kofia. Ukiona kitu kwa ngozi kitu ya kwanza inakuja kichwani ni mashilingi, ule ukungu wa ngozi wa duara, na mashilingi ikiingia darasa na vichwa vimenyolewa na mashine moja unajua itazunguka mpaka muhula uishe. Hatufunzwi mambo ya ngozi. Mama Trevo usiende na hasira, enda na daftari, mwonyeshe mkono, mwambie ni chunjua. Hakuna haja mtoto atengwe, hata michezo acheze. Funika tu na plasta.

MamaTrevo
Mwalimu nimekusikia. Nilikuwa nimepanga kwenda na hasira, hata nguo nilikuwa nimechagua.

Bint_Majengo
😂😂 Nguo ya vita. Enda na ya kawaida mama.

MamaTrevo (baada ya wiki tatu)
Nimerudi. Vidonda vya vinega vilipona, tukaanza dawa. Ya kwanza, shule. Nilienda Jumatatu asubuhi, mwalimu akashika mkono wa kijana akaangalia hizo chunjua karibu sana, akasema yeye alidhani ni mashilingi ya mikono. Akaomba msamaha mbele yake, hiyo sikutegemea. Akamwambia arudi dawati lake la zamani. Kijana amekataa! Ati pale nyuma iko dirisha na anaona magari. Sasa ni mwalimu anamwomba.

Ya pili, nimefanya hivi: mbili za vidole natumia ya kemisti, ya kucha nimempa Fundi selotepu yake maana dawa inateleza inaingia kando ya kucha anapiga kelele. Kale kadogo ka kidole cha mwisho hataki kaguswe kabisa, anavuta mkono, nimemwachia ndio tusipigane kila jioni. Katuni zinasaidia. Ule unga mweupe unaotoka ukisugua unanipendeza vibaya, sijui kama ni kawaida.

Kutafuna kucha nimejaribu kupaka pilipili. Amejipangusa jicho. Mjukuu wa Kiambu nilikukumbuka.

MjukuuWaKiambu
Mama Trevo!!! Tulisema nini kuhusu macho!

NesiWaKaunti
Kata kucha fupi sana na umpe kitu ya kushika mkononi wakati anaangalia tivii. Pilipili hapana. Na selotepu, ukiona chini yake ngozi imelowa na kuchubuka, pumzisha.

Fundi_Gikomba
Hiyo ya kucha isipotoka nitakuja kubandika mwenyewe.

MamaTrevo (baada ya wiki kumi na moja)
Wazazi habari. Wiki ya tano nilitaka kuacha, hakuna kitu kilikuwa kinaonekana, ni kusugua tu kila siku kama mtu anasafisha masinki. Wiki ya saba ya kidole cha shahada ikaanza kulegea pembeni, ikawa nyeusi. Wiki ya tisa nikimkausha baada ya kuoga ikabaki kwa taulo. Chini yake ngozi laini kabisa, mistari ya kidole imerudi. Ile ingine ya kidole cha kati imelala, ukipitisha kidole ndio unaisikia.

Lakini ya kwanza kuisha si hiyo. Ni kale kadogo ka kidole cha mwisho ambako sikukagusa hata siku moja. Nilienda kukaangalia nikakakosa, nikamwuliza, akasema "kameenda zake". Hajui siku gani.

Ya kucha ya gumba bado iko. Selotepu nilitoa baada ya miezi miwili, imepungua kidogo ama ni macho yangu. Tumepewa barua, tunaenda kuona daktari wa ngozi mwezi ujao. Kijana anasema ikiisha hiyo atakuwa hana kitu ya kuonyesha watu.

Odhis254
Mngengoja form one.

Fundi_Gikomba
Imepungua. Si macho.

NesiWaKaunti
Za kando ya kucha ndio ngumu kuliko zote, usijilaumu. Umefanya kazi nzuri mama. Ile ya kidole cha kati malizia wiki zako kumi na mbili, usiache sasa.

Msomaji_Mpya
Habari, nimepata uzi huu leo, mtoto wangu ana tatu kwa goti. Sijasoma yote ni mrefu. Kwa hivyo nipake vinega ama nisipake?

MamaTrevo
Usipake.